Milango Minane na Choo Kimoja

Wiki hii, katika ofisi moja ya Shari, nilikuta injinia ametandaza mezani plani ya nyumba nane mpya zitakazojengwa katika kijiji kimoja cha upande wa Boga. Nyumba zilikaa kwa duara, milango yote ikitazama katikati, na hapo katikati palikuwa na choo.

"Ni kwa ajili ya umoja," alieleza.

Mbele yake, akiongoza foleni, alisimama mama mjane, kalamu mkononi. Asipotia sahihi siku hiyo, nyumba aliyogawiwa ingepewa mtu mwingine. Aliweka kidole kwenye plani.

"Hii iko ya nani?"

"Yako, mama."

"Na hii ya mbele?"

"Ya mukwe wako, bwana ya binti yako."

Mama akarudisha kalamu mezani. Kijijini kwao mama mkwe na mkwe wake hawatazamani; wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mwenzake apite.

"Nikienda ku choo, yeye ataingia wapi? Pori munaikata yote."

"Mama, siye tulisomea mambo hii. Mutazoea."

"Sawa, papa. Na weye, mama mukwe wako anakaa wapi?"

"Mbali sana, Kisangani."

"Kisangani!" Mama akapiga makofi. "Ya kwako uliipanga muzuri."

Foleni nzima ilicheka. Injinia aliitazama plani yake, kisha akafungua droo kutafuta raba. Alipomaliza kufuta mlango wa mbele wa mama na kuichorea nyumba yake mlango wa nyuma, na choo kingine huko nyuma, mama alitia sahihi.

Nilitoka nikijua kwamba hata umoja unahitaji mlango wa nyuma.