Kibuyu Kilichobaki Mlangoni

Sisi watu wa mtoni tuna kiburi chetu kimoja: hatubebi maji. Maji yako hapo chini ya ukingo. Unachuchumaa, unakunywa, unaendelea na safari. Kwa hiyo asubuhi ile mama aliponinyooshea kibuyu nilimcheka.

"Mama, nani hubeba maji kwenda mtoni?"

Akakiweka mlangoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo. Laiti ningevunjika guu palepale uani, nisingefika mbali.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwishoni mwa masika, nami nilikuwa msichana wa kuposwa, mdomo mrefu kuliko akili. Kijiji chetu kilikuwa juu kidogo ya Ngao. Dada yangu alikuwa na mtoto wa miezi mitatu, aliyempata baada ya kumzika wa kwanza, na tangu ajifungue hakuwa ametoka zaidi ya ua na shamba la mpunga. Nilimwonea huruma. Kusema kweli nilijionea huruma mwenyewe, maana sikuruhusiwa kwenda Garsen peke yangu. Wiki nzima nilimsumbua: twende tukaone maduka ya Wasomali, tuguse kanga mpya, alasiri tumesharudi. Mwishowe akakubali, na mtoto tukamwachia mama. Dada alimnyonyesha ziwa la kulia, akamhamishia la kushoto, akamrudisha tena la kulia, mpaka nikamvuta mkono.

Njia ya Garsen hufuata mto, na mto wetu haujui kwenda moja kwa moja. Unapinda, unajirudia, kila kona inakula muda wako. Kwenye kona moja kubwa mimi ndiye niliyesema tuikate, tupite mbugani, mto tutaukuta mbele. Dada alisitasita. Nikamwambia kwa mwendo wake huo tutafika maduka yamefungwa.

Mto hatukuukuta. Tulitembea katikati ya nyasi zilizotupita vichwa, udongo mweusi ukitunasa miguu, na kila nilipodhani nimeuona mstari wa miti ya ukingoni, ilikuwa ni miiba tu. Kwetu, mtu akikuelekeza njia, husema juu, yaani mto unakotoka, au chini, unakokwenda. Hata jirani yako anakaa upande wa juu au wa chini. Mto ukipotea, maneno hayo mawili hayana kazi tena. Nilisimama na jua utosini, nikatambua kwamba sijui hata nielekeze uso wapi.

Mchana ulipogeuka tukakuta njia ya ng'ombe, pana, imekanyagwa vizuri. Nilipiga kelele kwa furaha. Kila mtoto wa mtoni anaijua malka, ile njia ambayo wafugaji wa Kiorma huteremshia ng'ombe wao kunywa. Fuata nyayo za ng'ombe, utafika majini. Dada akasema jua linatupiga usoni, naye alidhani linapaswa kuwa mgongoni. Nikamjibu kwamba ng'ombe hawadanganyi.

Ng'ombe hawakudanganya. Sisi tuliwajua wa kiangazi tu, wanapokuja kwetu. Masika hawana haja na mto. Huenda mbali nao, kwenye madimbwi ya mvua. Njia ile ilitufikisha kwenye dimbwi lililokwisha kukauka, tope gumu lenye alama za kwato, na wenyewe wamehama.

Hapo niliketi nikalia, bila hata machozi ya kutosha. Ulimi ulikuwa mzito mdomoni. Dada hakulia. Alikuwa ameinama, mikono kifuani, kanga yake imelowa mbele. Ulikuwa wakati wa mtoto kunyonya, na maziwa hayakujua kwamba mtoto hayupo. Yalimuuma. Akageuka kando, akaanza kuyakamua chini. Nikayatazama yakiingia kwenye nyufa za tope, na siwezi kueleza jinsi nilivyoyatazama. Yeye akaniona.

"Yanamwagika bure," akasema. "Kinga mikono, mdogo wangu."

Nikakinga, nikanywa. Yalikuwa matamu na ya moto.

Hilo najisamehe. Lakini tuliendelea kuzurura, tukilizunguka dimbwi lilelile kwa kuogopa kuliacha, na baada ya muda nikamwomba tena. Safari hii hayakuwa yakimwagika. Alinitazama kidogo, akasema, "Na mtoto je?" Nikamwambia ninakufa. Sikuwa ninakufa. Nilikuwa na kiu na woga. Akafungua kanga, akajikamua kwa nguvu, upande huu na upande ule, akikunja uso kwa maumivu, mpaka hakikutoka kitu.

Mzee mmoja wa Kiorma aliyekuwa akitafuta ng'ombe wake aliyepotea ndiye aliyetukuta, jua likielekea kuzama. Alituangalia miguu, akatuangalia mikono mitupu.

"Nyinyi natafuta nini huku?"

"Mto," nikasema.

Hakucheka. "Mto iko nyuma. Nyinyi napa yeye mgongo mchana yote."

Alikuwa na chombo kidogo cha maziwa yenye harufu ya moshi. Tulikunywa mafunda mawili mawili, yakaisha. Dada alimwambia neno moja tu, "Mtoto," akionyesha kifua. Mzee akamwacha ng'ombe wake, akatutangulia kwa mwendo ambao tuliufuata kwa kukimbia. Alitufikisha malkani gizani, akatuonyesha njia ya chini.

Kilio cha mtoto tulikisikia kabla ya kuiona nyumba. Kilikuwa kimekauka, kinakatikakatika. Mama alikuwa amejaribu uji mwepesi kwa kijiko na mtoto ameutema wote. Ulikuwa kifuani pake na kwenye nguo ya mama. Dada hakunawa hata mikono. Akaketi, akampa ziwa. Mtoto akalidaka, akavuta, akavuta, akaliachia, akapiga yowe. Akapewa la pili. Vilevile.

Mama akamulika kwa kibatari. "Maziwa yako yamekwenda wapi?"

Nilisimama karibu na mlango, mguu wangu ukigusa kile kibuyu. Dada hakuinua macho.

"Jua, mama," akasema. "Jua limeyakausha."

Kesho yake yalirudi, mtoto akanyonya, akakua. Leo ni mtu mzima na ananiheshimu sana. Dada hakulitaja neno lile mpaka alipofariki, wala mimi. Usiku ule mama alichota maji mtungini, akanipa kata mimi kwanza kwa kuwa ndimi mdogo. Nikanywa yote, mtoto akilia.