Farasi wa Eliud Aliyepakwa Mkorogo

"Nileteeni chochote chenye macho mawili, nikipige picha kitoke kizuri. Nikishindwa, soko lijalo mtanikuta hapa nauza usipa."

Tulinagwe, mpigapicha wa harusi, aliyasema hayo kwenye kipaza sauti cha mnada, soko la Lyulilo, baada ya mnadishaji kufanya kosa la kumwachia akaenda kunywa maji. Kina mama wa vyungu walicheka. Wauza usipa, dagaa wa ziwani, hawakucheka. Washindani walikuwa wamewatosha.

Bahati mbaya Eliud alikuwepo. Huyu ni mfanyabiashara wa kwenda na kurudi Malawi, na safari hiyo alikuwa amerudi na farasi, ambaye wengi wetu tulikuwa tumezoea kumwona kwenye kalenda tu. Alimweka ufukweni Matema wageni wapande. Sasa alitaka picha ya bango, na mpigapicha wa kukaa na farasi kila siku.

"Binti, wangu ana macho mawili," alisema. "Njoo."

Tulinagwe alikwenda saa saba, jua la utosini, akampiga farasi kama anavyowapiga maharusi wa Makwale: amemkaribia hadi pumzi zinakutana. Kisha akaingia kwenye simu akafanya kile ambacho maharusi humlipa akifanye. Akalainisha ngozi, akang'arisha. Huku kwetu bibi harusi asipotoka mweupe kuliko alivyozaliwa, mama yake anadai picha irudiwe.

Farasi wa kahawia akatoka rangi ya chai iliyozidi maziwa. Kichwa kama dumu la lita ishirini, miguu ya nyuma kama ya kuku.

Eliud aliizungusha picha hiyo soko zima. "Jamani, farasi wangu kapakwa mkorogo."

Anyisile, muuza usipa, akamsogezea Tulinagwe ungo mtupu. "Karibu kazini, dada. Ila ukae upande ule, huku ni kwangu."

"Shika ungo wako," Tulinagwe alimjibu. "Soko lijalo halijafika."

Kesho yake alirudi ufukweni asubuhi, jua likiwa bado chini, ameongozana na Rut, mfinyanzi wa Kikisi, aliyebeba chungu. Safari hii Tulinagwe alirudi nyuma hatua ishirini, akapiga goti mchangani mpaka kamera ikawa usawa wa bega la farasi, ndipo akamvuta karibu kwa lenzi. Miguu ikarudi kuwa ya farasi. Tatizo mnyama mwenyewe alikuwa anasinzia, masikio yamelala kama majani ya mgomba yaliyokosa mvua.

"Haya, dada Rut."

Rut akagonga chungu kwa vifundo vya vidole, kama mnunuzi anayesikiliza kama kina ufa. Farasi akainua shingo, masikio juu. Tulinagwe akabonyeza.

Kwenye simu alinyoosha mstari wa maji, maana ziwa lilikuwa linamwagikia Malawi. Akakata ndoo iliyojitokeza pembeni, akaongeza mwanga kidogo kwenye jicho. Rangi hakuigusa.

Eliud aliweka kidole kwenye picha. "Futa hilo kovu la mguuni. Wapigapicha wa Mbeya wangelifuta."

"Kovu sifuti, rangi siongezi. Mgeni akifika amkute farasi aliyemwona kwenye bango. Ukitaka mwingine, wafuate hao wa Mbeya."

"Binti, unajua unaongea na nani?"

"Na mwenye farasi, mzee wangu. Mwenye picha ni mimi."

Rut akagonga chungu tena. Farasi akainua shingo. Eliud naye akageuza yake.

"Ndaga," alisema mwishowe, shukrani ya mtu anayeng'olewa jino. "Weka hivyo hivyo."

Bango limesimama njia ya ufukweni, kovu likiwa mahali pake, na Anyisile bado anauza usipa bila mshindani mpya. Tulinagwe anakaa chini ya bango hilo kila siku. Wageni wanaoomba kung'arishwa huambiwa farasi mwenyewe alikatazwa. Picha moja ni shilingi elfu tatu.