Ndoano ya Manyoya

Leo sokoni mwanamke amepasua samaki aina ya trauti mbele yangu, na harufu ile ya tope baridi imenirudisha utotoni, mtoni, chini ya shamba la majani chai, mvua za kwanza zikianza.

Baba alikuwa amesimama majini hadi magotini, akirusha ndoano aliyoifunga manyoya ya jogoo ifanane na nzi. Trauti mmoja alirukaruka kwenye nyasi, nami nikimzuia kwa sketi yangu. Askari wa shamba akatokea nyuma yangu. Alimponda samaki kichwa kwa rungu, kisha akanipiga mkononi. Nilisikia kidole kikivunjika.

“Huu mto ni wa kampuni,” akasema.

 Baba alirusha mshipi, ndoano ikamnasa askari shavuni. Akamvuta polepole, kama anavyovuta samaki, hadi yule mtu akapiga magoti majini.

“Mzee, nisamehe! Niko na watoto!”

“Na huyu ni wa nani?” baba akauliza, akinionyesha kwa kidevu.

Damu ilishuka na maji. Nikalia, “Baba, wacha!”

Aliniangalia kana kwamba hanijui, kisha akavuta tena, mpaka shavu likachanika.