Kwenda Mtoni Kutafuta Lugha ya Aneth

Jumapili ile mchungaji wetu alihubiri kwamba imani huingilia masikioni. Ni mtu mwema, na hakuwa na nia ya kumuumiza yeyote. Alitaka tu tuache kuchezea simu Neno linaposomwa. Lakini mimi nilikuwa nimempakata Aneth, mwanangu wa pekee, ambaye hajasikia sauti yoyote tangu alipougua homa ya uti wa mgongo kabla hajatimiza miaka mitatu. Sasa alikuwa anakaribia mitano. Watu walipoitikia amina, yeye alikuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye pindo la gauni langu. Nikajiuliza: kama mlango wa imani ni masikio, mwanangu ataingilia wapi?

Swali hilo ndilo lililonipeleka Mtoni, kule Temeke.

Naishi Wazo, na nafundisha darasa la kwanza katika shule iliyo jirani na nyumbani. Kutwa nasimama mbele ya watoto wa watu nikiwaimbisha silabi, kisha jioni narudi kwa mtoto wangu mwenyewe nikiwa sina neno hata moja la kumpa. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa marefu, akija leo kesho yuko njiani. Mchana Aneth hushinda na Pili, dada anayenisaidia kazi za nyumbani.

Kwa miezi kadhaa Aneth alikuwa amebadilika. Alikuwa akisukuma sahani kabla hajamaliza kula, akilia bila sababu tuliyoiona, akijigonga kichwa ukutani. Akaanza kuuma watu. Alimuuma Pili, akamuuma mtoto wa jirani, na mwisho akamuuma Mama Elibariki, kiongozi wa jumuiya yetu, siku alipokuja na kina mama wenzake kumwombea kama walivyofanya kila Jumatano. Mama Elibariki ndiye aliyenipokea nilipohamia Dar kutoka Same, nikiwa sijui hata soko liko wapi. Siku hiyo alifunga kitambaa mkononi, akanivuta jikoni.

"Mwalimu, hii si bure. Kuna kitu ndani ya huyu mtoto kinakataa maombi."

"Mama, ni mtoto tu."

"Najua ni mtoto. Ndiyo maana nasema tusichoke. Na hiyo lugha ya alama unayoiulizia, hebu ngoja kwanza. Ukishamfundisha mambo ya viziwi, utakuwa umemwambia Mungu basi, sisi tumeridhika."

Alichokisema ndicho nilichokuwa nakiogopa mwenyewe, usiku na mchana.

Jumatatu baada ya mahubiri yale, nilimsimulia mwalimu mwenzangu, Zuhura, tukiwa tunasahihisha madaftari. Akaweka kalamu chini. "Shangazi yangu wa Mtoni amemlea binti yake Rehema, na Rehema ni kiziwi tangu kuzaliwa. Siku hizi ni fundi cherehani, ana wateja mpaka Mbagala. Nenda ukamwone shangazi. Mimi nitampigia simu, nitamwambia unakuja Jumamosi." Aliponiona nasitasita, akaongeza, "Kwenda kuona si kuasi, Mama Aneth."

Jumamosi asubuhi tulitoka nyumbani jua likiwa bado halijawa kali. Kwetu vumbi la saruji hukaa juu ya majani mpaka mvua iyaoshe, na malori hupita tangu alfajiri. Nilimshika Aneth kwa kifundo cha mkono, si kiganja, kwa sababu kiganja hukichomoa. Lori moja lilipiga honi nyuma yetu, honi ya kumshtua hata mfu. Mimi niliruka. Yeye aliendelea kutembea akitazama kuku wa watu. Mama wa mtoto asiyesikia hutembea na masikio ya watu wawili.

Kuanzia Tegeta tulipanda basi, tukapata kiti cha dirishani. Mbele yetu alikaa mama mmoja mwenye tenga la mboga miguuni. Aligeuka akamchekea Aneth. "Hujambo mchumba? Mbona umenuna?" Aneth akamwangalia tu. "Mh, huyu ana maringo!"

Siku zote mimi hujibu kwamba ana haya. Jibu hilo hunimalizia maneno upesi. Siku ile, sijui ni kwa sababu ya nilikokuwa naelekea, nikasema, "Hasikii, dada yangu. Ni kiziwi."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele ya mtu nisiyemjua. Yule mama akachukua fungu dogo la mchicha akampa Aneth alishike. Hakusema Mungu atamfungua, wala hakusema pole. Aneth alisafiri na mchicha wake mapajani mpaka tuliposhuka Mwenge kubadili gari.

Njia ya kwenda Temeke ilikuwa ndefu. Moyoni nilikuwa naomba, lakini sala yenyewe ilikuwa imechanganyika. Nilimwomba Mungu amfungue Aneth masikio kabla hatujafika, ili nisihitaji kufika. Papo hapo nikamwomba tufike salama.

Mtoni tulishuka kando ya Barabara ya Kilwa, tukauliza kwa wauza matunda, tukaelekezwa kwenye nyumba yenye baraza na cherehani. Bi Saada, shangazi yake Zuhura, alikuwa ametuandalia mkeka. Ni mama wa makamo, mfupi, kajitanda mtandio wa kijani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni. Zuhura kanieleza yote. Na huyu ndiye mwenyewe? Mashallah." Hakumwita Aneth wala kumpigia makofi. Alichuchumaa mbele yake, akangoja mpaka macho yao yakakutana, ndipo akamgusa bega.

Rehema alitoka ndani na futi ya kupimia shingoni. Alimsemesha mama yake kwa mikono, mama akamjibu kwa mikono, na kwa dakika chache mimi nikawa ndiye kiziwi pale barazani. Walikuwa wanacheka. Sijawahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuchekeshwa kwa vidole.

Nilimweleza Bi Saada kilichonileta, na nikamweleza hofu yangu bila kuificha. Alisikiliza huku akichambua mchele.

"Mie Rehema nimemnywesha makombe, yale maji yaliyooshewa aya, mpaka akawa akiona kikombe anakimbia. Nimempeleka kwa masharifu, nimempeleka hospitali. Kila ninakoambiwa pana dua nzuri, mie huyo."

"Ukaacha lini?"

"Kuomba? Sijaacha! Hata leo alfajiri nimeomba." Akatikisa ungo. "Ila niliona kitu. Kila nikirudi huko kwenye dua, mtoto yupo mlangoni ananingoja, ana jambo anataka kuniambia. Na mie sina pa kulipokelea. Nikasema, ya Mungu namwachia Mungu, anajua wakati wake. Ya mama nayafanya mie."

Kabla sijajibu, tulisikia kishindo. Rehema alikuwa anajaribu kumwonyesha Aneth vifungo vya rangi, na Aneth, alipoguswa shavu kwa bahati mbaya, alimrukia akamuuma mkono. Nilisimama nikiwa na aibu iliyonishuka mpaka miguuni. Nilikuwa nimeshamkamata nimvute tuondoke.

Rehema alininyooshea kiganja, nisubiri. Alimwonyesha Aneth alama ya meno kwenye mkono wake. Akakunja uso wote, akatikisa vidole juu ya ile alama. Akarudia. Kisha akagusa kidonda kilichokauka kwenye goti la Aneth, akakunja uso vilevile, akatikisa vidole vilevile. Halafu akajigonga makusudi kwenye meza ya cherehani, na tena: uso, vidole.

"Anamwambia inauma," Bi Saada akaninong'oneza.

Aneth aliacha kulia. Alikuwa anaitazama ile mikono kwa namna ambayo sikuwa nimemwona akitazama kitu tangu augue.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, Bi Saada na Rehema walitandika miswala chumbani, mlango wazi. Rehema hakuwa ameisikia adhana. Mama yake alimgusa tu bega. Alimfuata mama katika kila tendo, kusimama, kurukuu, kusujudu, jicho lake likimfuata pembeni. Nilipogeuka nikamkuta Aneth naye ameweka paji la uso sakafuni nyuma yao. Nikainuka kwa hofu, nikakaa, nikainuka tena. Bi Saada alipomaliza kutoa salamu alinikuta katika hali hiyo, akacheka.

"Tulia, mwanangu. Hapa hasilimishwi mtu kwa bahati mbaya. Kaona watu wanazungumza na Mola wao kwa kiwiliwili, naye kaingia."

Kaingia. Neno hilo lilinikaa.

Wakati wa chakula tulikula wali wa nazi na samaki. Aneth alitafuna mara moja, mbili, kisha akaacha kutafuna kama anavyofanya siku zote. Nikajiandaa kwa kilio na sahani kurushwa. Badala yake alimvuta Rehema mkono wa gauni. Akakunja uso. Akatikisa vidole, vibaya, kimoja kimoja, lakini akavitikisa, akaviweka juu ya taya lake la kushoto.

Rehema alimuuliza kwa uso: hapo? Aneth akarudia. Hapo. Hapo. Hapo. Sasa machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuwa analia kwa hasira. Alikuwa anaeleza.

Tangu alazwe hospitali, Aneth hajawahi kukubali mtu amfungue kinywa; kumpiga mswaki kwetu ni vita, na huishia meno ya mbele. Pale kwenye mkeka alimfungulia Rehema mwenyewe. Nikamulika kwa tochi ya simu. Nyuma kabisa, jino lilikuwa limeoza likatoboka, na fizi imevimba hata ikabadilika rangi.

Sikumbuki vizuri nilichofanya. Bi Saada aliniambia baadaye kwamba niliweka simu chini taratibu, nikamkumbatia Aneth, nikawa nasema, "Ni jino, ni jino tu, mama, ni jino." Miezi yote ile tulikuwa tumemwekea mikono kichwani tukikemea, na kilichokuwa kinampigia kelele mwanangu kilikuwa ni jino. Hakuwa na namna ya kutuambia. Aliuma watu kwa sababu alikuwa anaumwa.

Alasiri Bi Saada alitupeleka kwenye kituo cha afya cha jirani. Muuguzi alimpa dawa ya kutuliza maumivu na ya uvimbe, akashauri jino ling'olewe Jumatatu karibu na kwetu. Tuliporudi barazani dawa ilikuwa imeanza kufanya kazi, na Aneth alikuwa anapanga vifungo mstari mmoja, rangi kwa rangi.

Kabla hatujaaga, Rehema alinifundisha maneno machache: chakula, lala, mama, njoo, asante, Mungu. Mikono yangu ilikuwa mizito kama ya mtoto wa darasa langu anayeshika penseli kwa mara ya kwanza. Kisha akamgusa Aneth kwenye kovu dogo lililo juu ya nyusi, akarudia mara tatu.

"Kampa jina," Bi Saada akaeleza. "Hilo la kwenu halisikii. Muiteni hivyo."

Aneth akajigusa kovu. Akanitazama. Nikagusa juu ya nyusi yangu mahali pale pale, ingawa sina kovu, nikamwita. Akaja.

Jioni tulikuwa ndani ya basi tukirudi kaskazini mwa jiji. Aneth alilala njia nzima, mdomo wazi, uso umelegea. Nilimtazama nikawa nafikiri juu ya yale mahubiri. Sikuwa na hasira na mchungaji, wala na Mama Elibariki. Walinipa walichokuwa nacho, nao walimpenda Aneth. Lakini niliona kwamba nilikuwa nimeugeuza muujiza kuwa chumba cha kusubiri, na mtoto wangu nimemkalisha humo peke yake.

Jumatatu jino liling'olewa. Jumatano kina mama wa jumuiya walikuja kama kawaida, nami nikawasimulia. Mama Elibariki aliniuliza, "Kwa hiyo maombi yasimame?" Nikamwambia hapana, nahitaji mno maombi yao, ila kabla ya kuomba wajifunze kumwita mtoto kwa jina. Ule mkono ulioumwa aliuinua polepole, akagusa juu ya nyusi yake, na Aneth akamjia. Mama Elibariki alilia waziwazi, na siku ile hakuhubiri.

Nimejifunza nini kwa kwenda Temeke na kurudi? Bado namwomba Mungu ampe Aneth kusikia. Sidhani kwamba kumpa mtoto lugha ni kumfungia Mungu mlango; nadhani ni kumfungulia mtoto. Zaidi ya hapo sijui sana. Kila Jumamosi tunakwenda Mtoni, na maneno yetu yanaongezeka.

Ila jioni ya siku ile tuliyorudi, nilipiga magoti kando ya kitanda, Aneth ubavuni, nikafumba macho kwa mazoea na kuanza kuomba. Nikahisi kidole kidogo kinaniinua kope. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu, unasubiri. Nikaomba kwa maneno niliyokuwa nayo mikononi: Mungu. Mama. Jina lake. Asante. Akayarudia yote, akikosea moja.

Tangu hapo, nyumbani kwetu tunaomba macho wazi.