Yaliyotufika Vitongoji ng'ombe walipoanza kurudi nyumbani bila mikia

Wakuu, assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote wa bara na visiwani.

ID hii nimeifungua kwa ajili ya uzi huu tu. Mie ni mwanamke, nimeolewa, kwa hiyo PM za "mambo mrembo" mniwie radhi. Nitakachoandika nimekiona kwa macho yangu. Pale ambapo sikuona nitasema sikuona. Majina ya watu nimeyabadilisha, jina la kijiji nimeliacha, maana Pemba ni ndogo na wenyewe mtajua tu.

Naishi Vitongoji, upande wa mashariki, si mbali na Chake. Mume wangu yuko Unguja kikazi, huja na kuondoka. Nyumbani tunakaa mie, mama mkwe wangu Bi Mize, na shemegi yangu Hamad, mdogo wake mume wangu.

Hamad ni mtu wa aina ambayo kila mtaa unaye mmoja. Mpole. Akikukuta umebeba ndoo anaipokea bila kusema kitu. Kukiwa na msiba yeye ndiye wa kuchimba, kukiwa na harusi yeye ndiye wa kupasua kuni. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

Mie nina ng'ombe mmoja, Tausi. Niseme nilikuwa naye. Baba alinipa nilipoolewa, akiwa mtamba bado, hajazaa.

Kwa msiofahamu, huku kwetu ng'ombe mchana hafungiwi bandani. Unamfunga kamba ndefu kwenye mnazi, anakula majani ya pale, ukirudi unamhamisha. Baada ya sala ya adhuhuri jua likiwa la utosi, watu wanajilaza, na malishoni hakuna mtu. Wazee wanasema saa hizo si za binadamu kutembea. Mie nilikuwa nacheka.

Basi alasiri moja ng'ombe wa jirani yetu Mzee Faki akarudi mwenyewe, kamba inaburura.

Hana mkia.

Umekatwa karibu kabisa na maungio. Damu imeshuka mpaka kwato. Kilichonishtua zaidi, wakuu, ni kwamba halii. Alisimama mlangoni kwa Mzee Faki akitazama mbele, kama mtu aliyekuja kutoa taarifa akaisahau njiani.

Mtu akarekodi. Kabla ya magharibi ile clip ilikuwa kwenye kila group. Voice notes kutoka Wete, Unguja, Dar, mpaka Maskati kwa jamaa zetu. Watu wanalia, watu wanaapiza. "Aliyefanya hivi na yeye akatwe." Wengine hata mbuzi hawajawahi kufuga maishani mwao, lakini hasira walizokuwa nazo unasema kakatwa mama yao. Sheha akaita kikao, kila mtu akasema lake, hakuna aliyejua kitu.

Zikapita siku, wakarudi wengine wawili vile vile, bila mikia. Akapatikana mwengine, mtamba wa watu wa upande wa pili, huyu masikio yote mawili hana.

Hapo ndipo ng'ombe wa kijiji kizima walipoacha kulia.

Najua mtasema natia chumvi. Lakini aliyekulia kijijini anajua, mlio wa ng'ombe huusikii mpaka siku usipokuwepo. Asubuhi kimya. Ndama wamefungwa mbali na mama zao, kimya. Ukipita malishoni wanainua vichwa wote pamoja, wanakutazama mpaka upotee. Nilianza kutembea huku nasoma Ayatul Kursiy, na kile kicheko changu cha zamani sikujua kilikokwenda.

Kuna njia inateremka pwani kwenye mikoko. Ng'ombe aliyekata kamba alikuwa anakwenda pale. Siku moja nimewaona mwenyewe, kundi zima, wa watu mbalimbali, wamesimama duara, vichwa chini, wanapumulia mchanga. Pale tu ndipo walipotoa sauti. Siyo ule mlio mnaoujua. Ni kama mtu anayeguna usingizini. Nywele zilinisimama, nikarudi nyumbani mbio, kiatu kimoja nikakiacha huko huko.

Sasa njia ile ina mtumiaji mmoja mkubwa. Bi Riziki.

Bi Riziki ni mtu mzima, asili yake Kengeja, aliolewa kwetu, mumewe akafa, watoto hakujaaliwa. Kazi yake kamba. Makumbi ya nazi anayafukia kwenye tope la mikoko, yakishaoza anayafukua, anayapiga, anatoa usumba, zile nyuzi zake, na kusokota. Kwenda kwake pwani kunafuata maji yakipwa, si saa za watu kujilaza. Kwa hiyo jua la utosi lilikuwa linamkuta njiani, ana kisu, na mikono yake ina harufu ya tope lililooza.

Mnaona wenyewe inapoelekea.

Likaanzia kwenye group. Mtu kaandika tu, "mbona kuna bibi anapita kule kila mchana?" Mwengine akajibu kwamba zile kamba zake zina singa, nywele za mkia wa ng'ombe, ndani. Kufika jioni imekuwa anasokota mikia kumfungia shetani wake. Picha yake ikawekwa, amechutama anapiga makumbi, ameipa kamera mgongo. Comments sitaziandika hapa.

Nilimuuliza Hamad, "Shemegi, na weye unaamini haya?"

Akasema, "Bi Riziki hajamdhuru mtu." Akaendelea kula.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu. Nilikwenda kumhamisha Tausi nikamkuta amekaa chini, na yeye si ng'ombe wa kukaa saa zile. Nikamwita. Akataka kuinuka, mguu wa nyuma ukakataa. Kano imekatwa. Mkato mmoja, safi, kama wa mtu anayejua anachokifanya.

Nilipiga ukelele nikasikika mpaka barabarani. Wa mwanzo kufika ni Hamad, mbio, na ndoo ya maji ya chumvi. Akapiga magoti akamwosha ule mguu kwa mikono yake. Machozi yanamtoka, nimeyaona. Tausi anatetemeka mwili mzima. Mie nikadhani ni maumivu tu. Wanaume wakambeba kwa mkokoteni mpaka uani kwetu, na watu wakarekodi, na clip ikaondoka.

Ijumaa asubuhi bwana mifugo akaja kutoka Chake. Hamad alikuwa kaenda kisimani. Bwana mifugo aliingiza vidole ndani ya jeraha, Tausi ametulia, anacheua. Bi Mize akampapasa shingo, ametulia. Nikamshika mie mguu wenyewe, akanipumulia tu mkononi.

Nyuma ya ukuta Hamad akarudi. Hatukumwona. Tulisikia anaishusha ndoo kichwani na kusema, "Bismillahi," kama anavyosema kila siku.

Wakuu, yule mnyama alijaribu kukimbia kwa miguu mitatu. Macho yakageuka weupe. Mkojo ukamtoka pale pale. Akajivuta mpaka akabana ukutani, na huko ukutani akaendelea kusukuma, kama ukuta ungempisha.

Hamad akaingia na ndoo yake. Akasimama. Wakatazamana, yeye na ng'ombe.

Halafu akaitua ndoo taratibu akatoka.

Bwana mifugo alisema ni mshtuko tu, akaenda kunawa. Mie nilimgeukia Bi Mize. Alikuwa ananitazama kwa muda wote huo. Uso wake ulisinyaa ghafla, kama tunda lililolala juani.

"Mwanangu," akanambia, kwa sauti ya chini sana. "Nyumba ina pazia. Usinivulie nguo mbele za watu."

Nikaichukua ile ndoo nikampelekea Tausi maji.

Baada ya sala ya Ijumaa tukasikia pikipiki, honda kama tunavyoziita. Nyingi. Vijana wametoka Chake, wengine sijui wapi, watu walioona clip ya Tausi na kuamua kuja wenyewe. Wanakwenda kwa Bi Riziki. Nilijitupia buibui nikawafuata. Nyuma yangu nasikia miguu ya Bi Mize, analia na kutembea.

Walikuwa wameshamtoa nje. Amekaa kwenye mkeka wake wa kazi, kamba bado iko mapajani, kama hakujua aiweke wapi. Watu wanafumua mafungu yake ya kamba, moja moja, wanatafuta singa. Simu zimeinuliwa juu. Sheha anasema, "Jamani, tulieni," na hakuna anayemsikia. Kijana mmoja ameshika jiwe, anamuuliza, "Mikia umeiweka wapi?"

Bi Riziki akajibu, "Mwanangu, mie hata maziwa sinywi."

Na Hamad yupo. Amesimama nyuma ya watu, kanzu yake nyeupe ya sala, mikono ameifumbata mbele.

Nikapenya mpaka kwenye mkeka nikasimama baina ya yule kijana na Bi Riziki. Nikasema, "Si huyu. Ng'ombe aliyewaleta hapa ni wangu mie. Aliyemkata yuko nyumbani kwetu."

Nikamsikia Bi Mize nyuma akisema, "Ewe Mola wangu."

Sikutaja jina. Nilikuwa najitia nguvu nilitaje, na mwenyewe akanitangulia.

"Ni mie," Hamad akasema. Sauti ile ile ya kuomba chumvi mezani. "Muacheni bibi wa watu."

Watu hawakuamini. Mzee Faki akacheka kidogo, akamwambia, "Yakhe, Hamad, wacha mzaha."

Hamad akaeleza. Alikuwa na miche ya mikarafuu, mnaoijua kazi yake mnajua. Kiangazi kizima alikuwa anaichotea maji kichwani. Ng'ombe waliokata kamba wakaingia, wakala, wakakanyaga, haukubaki hata mmoja. Alikwenda kwa sheha, alikwenda kwa wenye ng'ombe. Wakamwambia mnyama hana akili, asamehe, apande myengine. Na yeye akatabasamu, akasema sawa.

"Nilitaka mpige kelele," akasema. "Mie nililia pale shambani peke yangu. Nikasema na nyinyi mlie."

Sheha akamuuliza, "Na mikia?"

"Njia ya mikoko. Nimeifukia pale, na kisu nikikioshea pale pale." Kisha akasema kitu ambacho mpaka leo kinaniamsha: "Wananifuata. Kila nikipita pale wanakuja. Hawanidhuru. Wanasimama tu. Nikaona nikikata mwengine labda watakimbia, wasije tena. Wanakuja."

Kwa nini alimkata Tausi, ambaye alikuwa amefungwa kwetu na hakukanyaga mche wowote, sikumuuliza pale na sijamuuliza baadaye. Naogopa atanijibu.

Wale wale waliokuja kwa Bi Riziki wakamgeukia Hamad. Sheha na askari wa polisi aliyekuwa amefika wakamkumbatia kumfunika. Mawe yakaanza. Bi Mize akajitupa mbele ya mwanawe, na jiwe lililorushwa kwa huruma ya ng'ombe likampata yeye kwenye paji la uso.

Alianguka chini bila sauti. Kama ng'ombe wa Mzee Faki, bila sauti.

Hapo simu zikashuka. Clip ya mama wa watu anavuja damu sijaiona kwenye group lolote.

Yaliyobaki nayaeleza kwa ufupi. Hamad alipelekwa Chake, kesi ikasikilizwa, akafungwa, ametoka na sasa yuko Unguja kwa kaka yake. Mume wangu alinilaumu, kisha akaacha, kisha siku nyengine analaumu tena. Tausi hakupona, ilibidi achinjwe, na nyama yake hakuna aliyekuja kuitaka. Mikia na masikio walivifukua wakaenda kuvizika mbali. Ng'ombe waliendelea kwenda pale mpaka mvua kubwa zikanyesha. Bwana mifugo alinambia ndivyo walivyo, wanasikia harufu ya damu ya wenzao. Nilifurahi kusikia lina sababu. Njia ile sijapita tena.

Bi Mize amepona, ana kovu. Tunakaa naye, tunapika pamoja. Hajawahi kunitamkia neno juu ya ile Ijumaa. Siku moja tu, ananisuka, mikono ikasimama kichwani pangu, akasema, "Ungenyamaza, jiwe lingempata Bi Riziki." Akaendelea kusuka. Sikujua kama ni shukrani au hesabu yake mwenyewe.

Nilichojifunza? Siku zile nilidhani mkatili ana sura yake, kwamba ukimwona utamjua. Na nilidhani mtu akilia kwa ajili ya mnyama basi moyo wake uko salama. Sasa najua mtu anaweza kumwosha jeraha kwa mkono ule ule uliolitia, na machozi yakawa ya kweli. Na watu wanaweza kumpenda ng'ombe mpaka wakaokota jiwe. Mtu mpole akija kwenu na kilio chake, msikilizeni. Yule anayetabasamu na kusema sawa, msikilizeni zaidi.

Jambo jengine, na ndilo hasa lililonifanya nifungue ID hii. Bi Riziki alirudi kwao Kengeja kwa watoto wa nduguye. Hakuna aliyemwomba radhi zaidi ya sheha na mie. Lakini ile picha yake bado inazunguka. Juzi imenifikia tena kutoka kwa mtu wa Dar asiyenijua, imeandikwa "mchawi wa Pemba". Ikikufikia na weye, bibi aliyechutama anapiga makumbi, mgongo kaupa kamera, jua hajafanya kitu. Iishie kwenye simu yako.

Nipo, nasoma kila mtakachoandika. Wanaosema nimemvua nguo mama mkwe wangu waseme, nimeshasikia. Ila kwanza unijibu: ungekuwa weye pale kwenye mkeka, na unajua ninachokijua, ungefanyaje?