Fimbo Arobaini na Tatu

Mwaka wa pili huu Maulida anakaa dawati la mbele, na hajawahi kuiona fimbo ya mwalimu wa jiografia ikimgusa mtoto. Inaonyesha ramani, inasukuma dirisha lililokwama, na mwalimu akizama kwenye mawazo huiingiza ndani ya kola akajikuna mgongo, macho kayafumba nusu, huku akiuliza kwa ile sauti yake ya puani, “Eti, mto Ruvu unaanzia wapi?” Juzi ilivunjika akitungua mpira wa watoto juu ya bati. Somo likadoda. Mkono ulipanda begani, ukakosa kitu, ukashuka. Hata mto wenyewe akausahau. Kesho yake darasa zima lilikuwa limeipogoa mipera ya kijiji chao cha Dutumi: fimbo arobaini na tatu, zimemenywa, zimelainishwa, zimeegeshwa kona.

Siku hiyohiyo akaingia mama mmoja mkaguzi. Akaziona, akafunga daftari. “Mwalimu, watoto unawachapa kiasi hiki?” Mkono wa mwalimu ukaanza kutafuta mgongo. Maulida akasimama. “Shikamoo, mama. Hizo za kujikunia. Tumemletea wenyewe.” Akachagua iliyo laini kuliko zote, akamkabidhi. “Jikune tu, mwalimu, usione haya.”