Firigogo Kwenye Njia ya Mkokoteni

Umewahi kumwona ndege akiteka maji kwa tumbo lake?

Jua limepanda kidogo kwenye bwawa la shamba la mkonge, kati ya Ruiru na Juja. Muasya anajaza pipa la mkokoteni wa punda. Firigogo, ndege wa nyika, wanatua, wanakunywa upesi na kuondoka. Dume mmoja anabaki. Anachutama majini, anatikisa tumbo mpaka manyoya yanalowa chepechepe.

"Anawapelekea watoto," Muasya anasema.

Yeye mwenyewe, tangu 1951, mwaka wa tano sasa, huwapelekea maji wafanyakazi wa shamba. Alifiwa na mke huko Yatta. Sasa anataka kumposa Mama Musau, mjane anayeongoza wanawake wa kupalilia, na shamba zima linajua. Kila siku humchotea yeye kwanza. Neno lenyewe halitoki.

Mwezi uliopita aliona mayai matatu yenye madoadoa njiani mwake, ndani ya kishimo kilichokwaruzwa tu, bila hata unyasi. Mchana hulalia jike, mwenye rangi ya majani makavu. Jioni dume humpokea. Muasya akahamisha njia ya mkokoteni. Kisha, ili majembe yasifike hapo, akafunga fundo kwenye jani la mkonge kando ya kiota.

Hapo ndipo alipokosea. Kwa wapaliliaji, jani lenye fundo huonyesha mahali pa kuanzia kazi.

"Tukaja hapo hapo," Mama Musau anasimulia, mkokoteni unapowafikia karibu na kiota. "Nimeinua jembe, naona jiwe linanikonyeza. Kumbe ni jicho."

Jike hakuruka, kinga yake ni kutulia. Mama Musau alishusha jembe polepole, akawageuza wenzake.

"Miaka yote hii shambani na hujui fundo?" anamtania Muasya.

"Mimi najua punda."

Vifaranga wameshaanguliwa. Wanatembea na kudonoa mbegu wenyewe; maji tu ndiyo wanayongoja. Dume anatua, anasimama wima, nao wanajipenyeza chini ya tumbo na kunyonya manyoya kama wana-mbuzi.

Muasya anachota kata ya maji, anampa Mama Musau. Anafungua kinywa, kisha anamgeukia punda.

Mama Musau hanywi.

"Muasya, njoo kwetu Jumapili uongee na kaka yangu," anasema. "Nimetaka hivyo tangu mvua za mwaka jana. Kila siku nakunywa maji yako, na sina kiu."